Kura ya Kipindi Kibovu

Jumatatu, 9 Oktoba

Barua kutoka Chama cha Wapenzi wa Tapscott. Nikadhani wananiita kunipa heshima. Wapi! Jumamosi wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa, hapa hapa Thornby, kuchagua kipindi kibovu kuliko vyote katika miaka kumi na tisa ya tamthilia ya televisheni, Inspekta Tapscott na Mama Mkwe. Vipindi mia moja na arobaini. Viwili vimeingia fainali. Cha kwanza ni "Ndoto ya Tapscott", kazi ya Hilary Entwistle. Cha pili ni "Shahidi Mwenye Mabawa". Kazi yangu!

Nakubali kina kasoro ndogo ndogo. Maiti anapiga chafya. Muuaji ni pacha ambaye hakutajwa popote mpaka dakika ya mwisho. Na ndiyo, shahidi mkuu mahakamani ni bata bukini. Lakini bata yule aliigiza kuliko binadamu wote waliokuwemo.

Cha Hilary je? Watu wanne wanauawa, saa nzima na nusu tumekaa roho juu, halafu Tapscott anaamka kitandani. Kumbe alikuwa anaota! Alikula pai ya nguruwe iliyochacha. Basi, mwisho. Niliambiwa huko Huddersfield mtu alirushia televisheni kiatu.

Tuliandika meza moja mimi na Hilary, miaka sita, birika moja la chai. Halafu yeye akapata tuzo, mimi nikapata bata. Tangu hapo simu yangu haijalia. Miaka kumi na moja! Nikichaguliwa Jumamosi, hiyo ndiyo habari itakayoandikwa gazetini siku nikifa. Lionel Spragg, yule wa bata.

Kura zinapigwa kwa kadi ya posta. Mpango umenijia nikiwa bado na mkate mdomoni.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeandika kadi ishirini na tatu. Majina yote ya kubuni. Mimi ni mwandishi, kubuni watu ndiyo kazi yangu. Kuna mchungaji mstaafu, kuna mjane wa baharia, kuna daktari wa meno wa Leeds. Wote wameichukia "Ndoto" kwa moyo mmoja. Daktari wa meno nilimpa hasira kubwa zaidi, mpaka nikamwogopa mwenyewe. Mwandiko nimeubadilisha kila mara: mwingine umelala kulia, mwingine umelala kushoto.

Kifundo cha mkono kinauma. Nimezitumbukiza zote kwenye sanduku la posta, mvua ikininyeshea. Nimejisikia kijana wa miaka hamsini.

Jumatano, 11 Oktoba

Balaa! Asubuhi mlango umegongwa. Bibi Meera Pathak, katibu wa chama, na kadi zangu zote mkononi, zimefungwa kwa mpira. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mfamasia.

"Bwana Spragg," kaniambia, "mimi nimesoma miandiko ya madaktari miaka thelathini. Huu wako mbona wa kitoto!"

Nikajibu kwamba sijui anazungumzia nini. Akanisomea ya daktari wa meno, yote, pale mlangoni, kwa sauti, jirani akipita na mbwa wake. Nikasema huenda mtaani kuna watu wengi wenye mwandiko kama wangu. Akasema huenda, na akaniuliza kama wote hao pia wanaandika Tapscott kwa "t" moja mwishoni.

Nimeandika hilo jina miaka tisa. Hakuna aliyewahi kunisahihisha! Imebidi nirudi kurasa za nyuma za daftari hili kuongeza "t" ya pili kila mahali.

Kadi zimefutwa, za kwangu na za wengine wote. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, ukumbini, mbele ya watu. Alipoondoka alinitakia siku njema. Mwanamke mkatili.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Hilary kupeleleza. Nimemwambia nilikuwa napita tu. Anakaa mwisho wa barabara isiyokwenda popote.

Kanipokea vizuri, jambo lililonitia wasiwasi. "Ingia Lionel, mwenzangu, utaloa huko! Vua hivyo viatu." Kanipa supu ya mbaazi na mkate wa moto. Nimekula sahani mbili ili asishuku kitu.

Nikamuuliza, kijuujuu tu, anajiandaaje na Jumamosi. Akacheka, akasema anaomba kichaguliwe chake. Nikauliza kwa nini. Akaniambia kuna mwanamke wa televisheni anakuja. Kipindi kitakachochaguliwa kitaandikwa upya na kurushwa Pasaka, na atakayekiandika ni mwandishi yule yule wa zamani.

"Ndiyo maana nakwambia mapema," akasema. "Nenda ukajitukane vizuri, na mimi nitajitukana vizuri, tuone nani zaidi. Wewe pia unaihitaji kazi, Lionel. Usijifanye."

Mtego! Mtu gani anamwambia mshindani wake siri kama hiyo? Anataka niende mbele ya watu wote nikajipake matope kwa mikono yangu, halafu yeye akae pembeni anapiga makofi. Miaka sita meza moja, ananidhani mjinga.

Nimemshukuru kwa supu. Nimeondoka na mkate uliobaki.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeoka keki ya tangawizi, trei tatu. Ya kwanza imeungua, nimeifunika sukari.

Wanachama hukutana maktaba kila Ijumaa mchana kubishana kuhusu Tapscott. Nimewagawia wote. Kila kipande nimekisindikiza na maneno mawili matatu kuhusu bata: kwamba ni kazi iliyotangulia wakati wake, kwamba Wafaransa wangeielewa. Watu wametafuna na kuitikia kwa vichwa. Mzee mmoja ameuliza kama nina ya bila kuungua.

Wamenihakikishia karibu wote kwamba hawatamgusa bata. Ushindi uko mfukoni! Pole, Hilary.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika haya kabla hata sijavua koti.

Ukumbi umejaa. Chai, biskuti, picha ya Mama Mkwe ukutani. Mimi nimeketi mbele, tai mpya, nimetulia. Mara Bibi Pathak anamkaribisha mgeni, msichana mrefu anaitwa Imogen, wa televisheni. Naye anatangaza. Kipindi kitakachochaguliwa kitaandikwa upya. Kitarushwa Pasaka. Mwandishi yule yule wa zamani!

Hilary kanigeukia, kaniinulia mabega, kama kusema si nilikwambia.

Nikajikuta jukwaani. Sijui nilipandaje. Nikawaambia mimi ndiye niliyeandika "Shahidi Mwenye Mabawa" na kwamba ni uchafu mtupu. Nikataja chafya ya maiti. Nikamtaja yule pacha. Nikasema bata yule alikuwa hajui kuigiza, alimwuma karani wa mahakama na mimi nikaliacha tukio hilo humo kwa uvivu. Nikawasihi wanyooshe mikono yote dhidi yangu.

Mara sauti kutoka nyuma: "We bwana, muache bata wetu!"

Wakalipuka. Mmoja kasema jana tu nilimwambia ni kazi ya Kifaransa. Mwingine kasema kila Krismasi familia yake inaigiza ile kesi, na shangazi yake ndiye bata. Nikapaza sauti kwamba shangazi yake hana akili. Haikusaidia.

Hapo akasimama mama mmoja mdogo wa umbo, Dorothy Birtles, na fimbo yake. Akasema mumewe alilazwa wiki saba. Wiki ya mwisho alikuwa hasemi, hali, anatazama ukuta tu. Jioni moja kwenye televisheni ya wodi wakarusha kipindi cha bata. Bata alipopanda kizimbani na hakimu akamwambia aseme ukweli mtupu, mumewe akacheka. Akacheka mpaka muuguzi akaja mbio.

"Sikumsikia tena akicheka baada ya hapo," akasema. "Kwa hiyo wewe Bwana Spragg kaa chini. Hicho si chako tena."

Watu wanafuta macho. Hilary analia waziwazi. Imogen analia. Hata Bibi Pathak kavua miwani.

Na mimi nilikuwa karibu kulia. Mwanamke huyu ameninyima Pasaka!

Kura. "Ndoto ya Tapscott", mikono themanini na sita. "Shahidi Mwenye Mabawa", miwili. Yote miwili ni yangu, na Bibi Pathak akaukataa mmoja.

Jumapili, 15 Oktoba

Sijatoka. Nimekula maharage juu ya mkate, nimesimama. Bibi Birtles kaniletea kadi mlangoni, yenye picha ya bata, akiniomba nimsainie. Nimesaini. Nimemwuliza kama anafahamu alichonifanyia. Akasema ndiyo, na akanibusu shavuni. Hana haya.

Jumatatu, 16 Oktoba

Hilary kapiga simu. Anasema Imogen amemruhusu kuchukua mtu wa kusaidiana naye, na anataka tuandike wote wawili, meza ile ile. Kasema bila mimi hawezi kuandika vichekesho, hakuwahi kuweza, na hata kile kipande cha pai iliyochacha kilikuwa wazo langu.

Ni kweli kilikuwa wazo langu. Lakini mtu mwenye heshima harukii kitu siku ya kwanza. Nikamwambia ratiba yangu imejaa, anipigie tena baada ya wiki mbili, nitaona. Hapo anaachwa kidogo, anahangaika, anakuja na masharti mazuri zaidi. Biashara ndivyo inavyokwenda.

Akasema sawa, Lionel.

Jumatano, 18 Oktoba

Hilary kampata mtu mwingine. Kijana wa Sheffield. Kanitumia ujumbe wa pole, wa upole sana, ambao ni dhahiri ni wa kejeli.

Haidhuru. Nimekutana na Bibi Pathak kwa mwuza mboga, akanipa habari. Mwakani chama kinachagua kipindi bora kuliko vyote. Tangu Jumamosi wanachama hamsini na watatu wameshampendekeza bata. Kasema, akinishika mkono, kwamba kwa hali ilivyo hakuna wa kumshinda, na kwamba anafurahi kwa ajili yangu.

Hamsini na watatu! Lakini mimi sasa najua jinsi mambo yanavyokwenda humu. Aliyepongezwa alirudi nyumbani na kadi. Mwenye kipindi kibovu ndiye aliyepewa kazi.

Nina miezi kumi na miwili kamili ya kumzuia bata yule. Nimeshapanga siku za kuwatembelea hao hamsini na watatu, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Naanza kesho na Bibi Birtles.