Sijagusa Hata Nati

Telezi alipoliona lile gari jeupe uani kwa Mama Funguo, mwenye kukodisha magari, hakuona gari. Aliona tairi nne nyeusi tititi na betri inayong'aa, akaona na harusi yake imeshafungwa.

Msimdharau, gari alikuwa nalo lake mwenyewe. Ila lilikaa juu ya matofali mwaka wa pili, halina tairi wala betri, na kuku wa jirani ametagia kiti cha nyuma. Sasa shangazi wa mchumba wake, ambaye akishasema ukoo mzima unanyamaza, alikuwa ametoa hukumu: "Jumamosi anichukue kwangu anifikishe kwao binti kwa hilo gari analojisifia. Nikifika salama, mtoto wetu amuoe. Nisipofika, kila mtu ashike njia yake." Na Telezi alimpenda yule binti kwelikweli. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulidanganyia.

Mama Funguo alimkabidhi gari likiwa juu ya mteremko, tayari linanguruma.

"Nimekuwashia kabisa, baba, usipoteze muda."

"Mama, nitalitunza kama mboni ya jicho."

"Najua, uso wako unasema. Sheria yangu ni moja tu: lirudi katika hali nzuri, na siku ya kurudisha unatia saini kwamba hujagusa hata nati."

"Nati? Mama yangu, mimi nati naziogopa!"

Nusu saa baadaye alikuwa gereji kwa Fundi Spana. Mpango wenyewe mwepesi: tairi na betri za Mama Funguo zihamie kwenye gari la matofali, na gari la kukodi livishwe zilizotumika, kuukuu lakini nzima, maana lisipowaka mbele ya mwenyewe ataumbuka. Kwa hizo kuukuu alimwachia fundi saa yake ya mkononi.

"Si uziweke hizi hizi kwenye gari lako, yaishe?" fundi akauliza.

"Fundi, mjanja hanunui. Mjanja anabadilisha."

"Lakini bosi, hizi tairi ulizokuja nazo, ukiziangalia vi..."

"Wewe kaza nati. Ushauri kampe mkeo."

Fundi akakaza nati. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La fundi hawakulitaja, lakini guu ni lile lile.

Ijumaa gari likarudi limeoshwa, linanukia. Mama Funguo akafungua boneti, akapiga teke tairi moja moja, akazima injini, akawasha. Akazima tena, akawasha tena.

"Heee! Linawaka!" akasema, mkono kifuani.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mwenye gari anashangaa gari lake kuwaka. Telezi alikuwa na haraka. Akatia saini: sijagusa hata nati.

Jumamosi asubuhi gari lake halikuwaka. Akawalaghai majirani wakalisukuma, likawaka, akafika kwa shangazi akipiga honi kama waziri. Shangazi alitoka na gauni jeupe. Telezi, kwa adabu zake zote, akazima injini ashuke kumfungulia mlango.

Kuwasha tena, betri ikalia tik. Ikanyamaza.

"Shangazi... ungesukuma kidogo tu."

Shangazi akashuka. Akajisogeza nyuma, akaegemea tairi, gauni likatoka jeusi. Akasukuma hatua tatu, tairi ikapasuka. Alichosema baada ya hapo tukiache, wapo watoto wanaosoma.

Telezi alikwenda kwa Mama Funguo mbio, jasho linamtiririka.

"Mama! Tairi zako zimekwisha, zimechongwa kwa kisu na kupakwa rangi ya viatu! Na betri ni maiti!"

Mama akavaa miwani, akatoa ile karatasi ya saini. "Gari langu lile pale, tairi nzima, betri nzima. Hizo mbovu umezionea wapi, baba?"

Telezi akaisoma saini yake mwenyewe. Tangu aachishwe ziwa, siku hiyo ndiyo ya kwanza kubanwa na uongo wake.

"Gari hili sijalipeleka gereji miaka sita," mama akasema kwa upole. "Wajanja ndio wananitengenezea. Mmoja alinibadilishia redio, mwingine vioo. Wewe, Mungu akuzidishie, umenimalizia tairi."

Telezi akakaa chini pale pale akalia, kilio cha kweli, akaeleza habari za binti na shangazi. Mama Funguo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi kodi hili jeupe Jumamosi ijayo. Linawaka lenyewe siku hizi. Rehani niachie lile lako, na kuku wake."

Binti alilia siku mbili, shangazi akakubali kupanda mara moja tu, ya mwisho, na gauni jeusi. Gari liliwaka, likaenda, likafika. Shangazi akashuka akizunguka tairi moja moja, hataki kuegemea.

"Gari zuri. Lako kweli hili?"

Telezi alikuwa na uongo saba tayari mdomoni. Akautazama uso wa binti pale mlangoni, akachoka.

"Gari si langu, shangazi. Tairi tu ndizo zangu. Na betri."

Shangazi akacheka hadi akashika mbavu. "Kijana huyu ana maneno! Muozesheni."

Jioni Telezi alirudisha gari katika hali nzuri na kutia saini kwamba hajagusa hata nati. Mama Funguo alilikagua mara tatu, hakuamini, akasikitika sana. Breki zilikuwa zinahitaji kubadilishwa.