Breka ya Pampu Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Pampu imefika! Nimeipakata kutoka Segera mpaka hapa Korogwe. Bafuni kwetu maji hutoka tone tone, na Ijumaa mama mkwe anashuka kutoka Dindira. Safari iliyopita alimwambia mke wangu Edna, nami nasikia, kwamba kwao hata mbuzi huoga vizuri zaidi.
Jirani yetu Muhsin, fundi umeme, amechungulia juu ya ukuta. Ameuliza nitaweka breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea ngapi. Nimemjibu kwamba najua. Sijui.

Jumanne, 10 Juni
Nimeweka breka ya ampea sita niliyoikuta kwenye droo. Pampu inaguna, breka inakata. Nawasha, inakata. Mara kumi na moja! Muhsin amesema, kutokea kwao, kwamba mota ikianza huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Niweke ya kumi na sita, ile aina ya C inayovumilia mshtuko huo. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 12 Juni
Yeye kasema kumi na sita. Mimi nimeweka thelathini na mbili! Haijakata hata mara moja. Maji yanachapa mgongo. Edna anasema ananusa plastiki. Nimemwambia ni harufu ya upya.

Ijumaa, 13 Juni
Saa kumi jioni mama mkwe aliingia kuoga. Pampu ikaanza kunguruma kama imekabwa. Kisha yowe: "Valerian! Bomba linaning'ata!" Edna akakimbilia kumshika. Nikamvuta nyuma kwa gauni, asinaswe naye. Ukutani waya ulikuwa unafuka moshi, na breka yangu kubwa imetulia tuli. Muhsin akaruka ukuta, akazima meni swichi.
Kisha mama mkwe akakohoa.
Zahanati wamesema moyo wake uko salama. Kiganja kimeungua kidogo. Muhsin hakunigombeza. Alinishikisha waya ulioyeyuka akasema, "Kaka, breka inalinda waya. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, kinachokatika kwanza ni waya. Au mtu."
Chakula cha usiku sijala.

Jumamosi, 14 Juni
Muhsin amefunga waya mnene, breka ya kumi na sita, na waya wa ethi mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Ameongeza breka nyingine, inayokata mara umeme unapovuja. Akabonyeza kitufe cha kuijaribia. Tak! Imekata. Mama mkwe anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe".

Jumatatu, 16 Juni
Mvua tangu alfajiri. Breka ya kuvuja imekata mara mbili. Muhsin yuko Handeni kikazi mpaka Jumatano. Kwenye simu amesema huenda maji yameingia kwenye kiungo cha waya, nisiguse chochote, nimsubiri.
Nimetafakari kwa kina. Breka inayokata hovyo ni mbovu. Hapo panahitajika kipande cha waya tu, umeme uipite pembeni. Kipande ninacho. Edna yuko sokoni.
Tatizo ni mama mkwe. Ameweka kiti chini ya meni swichi, amekaa analinda, mchi mapajani. Chai amekataa. Nimemshauri akapumzike chumbani, ameukamata mchi kwa mikono miwili.
Lakini macho yake yameanza kulegea kwa usingizi.