Kibao cha Buluu Langoni kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, mume wa Dada, amepata kibao! Kile cha buluu chenye picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Amekipigilia langoni, ng'ambo ya barabara, usawa na dirisha langu. Makusudi hayo. Gesti yake ina vyumba vidogo kuliko vyangu na mapazia ya zahanati, lakini chama cha wenye hoteli kimempa, na leo kampuni ya utalii imemshushia basi zima la wageni. Wengine kwenye viti, wengine na magongo, mmoja haoni. Wote wanacheka. Wanacheka nini?

Kwangu wapo wageni wawili: mchuuzi wa saa na bwana mmoja anayemkimbia mkewe.

Nimemwambia mke wangu nami nataka kibao. Akasema basi nianze na Mama. Sikumwelewa. Mama haendi popote.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu chama. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Nina akili, sema tu watu hawajui.

Mama yumo chumba cha mwisho kwenye korido, tangu miguu ipooze. Dada alitaka kumchukua. Nikakataa katakata. Mama akae kwa mkwe wake, na mimi mtoto wa kiume nipo, tena nina gesti? Watu wangesema nini? Hapa hakosi kitu. Chakula kinamfuata, maji ya kuoga yanamfuata kwenye beseni. Lakini kila asubuhi wimbo ni uleule: anataka kutoka nje, barazani, aote jua, anataka kuoga bafuni kama mtu mzima. Namwambia tutaona, Mama. Amezoea.

Leo nimeingia chumbani kwake na kamba ya kupimia. Kiti chake cha magurudumu kiko nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Nimekipima. Kumbe ni kitu chembamba hivi! Na hao wanaolia milango haiwatoshi! Wanatia chumvi tu. Hata kwenye mlango wa stoo kingepita.

Mama akauliza napima nini. Nikasema milango. Akanishika mkono akaubusu, akasema alijua iko siku nitamkumbuka. Sikutaka kumharibia furaha. Nikakunja kamba yangu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kubomoa mlango wa mbele na wa bafu, ila kwa kipimo changu hakuna haja. Fundi akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nimepima kwa mkono wangu, afanye kazi iliyomleta.

Pesa tulizookoa kwa kutobomoa zimeingia kwenye mteremko wa kupandia barazani. Wa Shemeji ni wa saruji tupu, kama kwenye machinjio. Wangu una vigae vya kung'aa, unaweza kujitazama meno. Fundi akasema vikilowa vitateleza. Nikasema kwenye picha havitelezi. Mteremko ni mkali kidogo, maana sikutaka ule nafasi ya kuegesha magari. Pembeni nimepanga vyungu vya maua, huku na huku. Umependeza mpaka nimesimama barabarani kuutazama, Shemeji anione.

Amenipungia mkono. Mnafiki.

Alhamisi, 6 Machi

Mama amevaa gauni lake la kutokea tangu alfajiri. Amesikia nyundo jana, anajua mteremko umekwisha. Amemwomba mke wangu amsuke nywele. Nimemwambia Mama leo haiwezekani, vigae havijakauka, na mkaguzi lazima avikute safi. Akasema sawa, mwanangu, kesho. Amekaa na gauni lake mpaka jioni.

Mke wangu amenitenga. Chakula ameniwekea mezani, akaenda kula chumbani kwa Mama. Wivu wa maendeleo upo hata ndani ya nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Mkaguzi ni mwanamke, tena mwenyewe yuko kwenye kiti cha magurudumu! Hakuna aliyeniambia. Mimi nilimngojea mzee mwenye tai. Nilimpa mkono juu kwa juu, nikashika hewa.

Kwenye vyungu vya maua alikwama. Tukaviondoa. Kwenye vigae kiti kilirudi nyuma chenyewe, dereva wake akakidaka. Tukamsukuma mimi na dereva, jasho linanitoka, mpaka mlangoni. Hapo ndipo kiti kiligoma. Magurudumu yamegusa fremu huku na huku, yeye katikati ananitazama. Akauliza kwa upole nani alipima mlango huu.

Nikamwambia kiti chake ndicho kikubwa mno. Sijui ulimi uliniteleza vipi. Nikakimbia chumbani kwa Mama, nikatoka na kiti chake kwapani, nikapita nacho mlangoni, nikarudi, nikapita tena. Nikasema, unaona? Kinapita na nafasi inabaki!

Dereva akageuka akatazama ukuta. Mkaguzi akasema kiti hicho kimekunjwa.

Kimekunjwa! Ningejuaje? Sijawahi kukiona kimekunjuliwa. Kipo nyuma ya mlango tangu kije.

Akauliza ni cha nani. Nikasema cha Mama. Akauliza Mama anapitaje hapa. Nikasema hapiti. Akauliza basi anatokaje. Nikamwuliza kama ameviona vigae vyangu.

Akashuka na dereva wake, akazunguka nyuma mpaka dirishani kwa Mama. Wamezungumza muda mrefu. Nilijibanza koridoni kusikiliza, nikasikia Mama anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kibao sijapata.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuja na Shemeji. Hawakunisalimia vizuri. Mama ndiye aliyewaita, kwa simu ya mke wangu! Nyoka ndani ya nyumba yangu.

Nilisema Mama haendi kwa mkwe. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye haendi kwa mkwe, anakwenda bafuni.

Shemeji alimbeba mikononi kama mtoto, akapita naye mlangoni kiubavu. Barazani Dada akakikunjua kile kiti. Ni kipana kweli. Mama akaketi, akafumba macho juani, hakuna aliyemharakisha. Kisha wakamshusha polepole kwenye vigae vyangu. Ng'ambo, kwenye mteremko wa Shemeji, Mama aliwaambia wamwachie. Akasukuma magurudumu mwenyewe, akaingia. Hakugeuka.

Nilirudisha vyungu vya maua mahali pake.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameketi barazani kwa Shemeji tangu asubuhi, nywele zimelowa, anawasalimia wageni. Wanampenda. Wanapiga naye picha! Sasa nimeelewa mpango wote wa Shemeji tangu mwanzo: alikuwa anamtaka Mama wangu awe kivutio. Biashara haina undugu.

Lakini mimi silali. Nimesimama kwenye chumba cha mwisho. Kitupu, kimefagiliwa, beseni limeinamishwa ukutani. Nyuma ya mlango gurudumu limeacha alama. Na wazo likaja lenyewe! Fundi wa mabango anakuja kesho. Langoni kwangu ataandika kwa herufi kubwa: CHUMBA MAALUMU KWA WENYE ULEMAVU. Na chini yake, kwa buluu ileile ya Shemeji: Mgeni wetu wa mwisho alikaa humu miaka, na hakutoka hata siku moja.