Yah: Binti Yako Kutumia Kompyuta Yangu Bila Kuifungua

Kumb. Na. NYUMBANI/NIDHAMU/01

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umepumzika na goti limepungua kuuma. Sisi huku hatujambo wote, isipokuwa mimi.

Baba, nakuandikia kwa mkono, kwa wino mweusi, na kwa heshima yote anayostahili mtu aliyenipa mke. Kwa miaka kumi na sita sijakuletea shtaka hata moja. Binti yako alipotoa kabati langu la vitabu sebuleni na kuweka cherehani, nilimeza. Aliposema mbele ya wageni kwamba ninakoroma kwa sauti ya amri, nilicheka pamoja nao. Lakini la safari hii limenikwama kooni kama mfupa. Mimi ni makamu mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu. Siwezi kusimamisha wanafunzi mia sita mstarini asubuhi huku nyumbani kwangu sheria inarukwa kama dimbwi la maji.

Unaifahamu kompyuta yetu, ile ya sebuleni yenye kufunikwa kitambaa. Binti yako alipopata nafasi ya kusomea stashahada ya maabara kwa njia ya mtandao, alianza kukaa mbele yake kila jioni akitazama picha za chembe za damu. Nilivumilia wiki tatu. Kisha, kwa faida ya familia, nikaweka neno la siri. Lilikuwa na herufi kumi na nne, na kila Ijumaa nililibadilisha. Nilimweleza kwa upole kwamba kompyuta ni chombo cha kazi nyeti, na kwamba mtu aliyeosha vioo vya maabara miaka kumi na mmoja anaweza kuendelea kuviosha bila stashahada, kwani vioo havimuulizi mtu cheti.

Hakubisha. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akaenda kuanua nguo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilidhani ni adabu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Jumatano moja kikao cha walimu kilivunjika mapema, nikarudi nyumbani kabla ya muda wangu. Nikamkuta binti yako amekaa mbele ya kompyuta, nayo inawaka. Picha yangu ya siku ya mahafali, ambayo hutokea kila inapowashwa, haikuwepo. Kulikuwa na rangi ya kijani kibichi na neno "Karibu", kwa Kiswahili. Nikamuuliza neno la siri amelipata wapi. Akajibu bila kugeuza shingo, "Sijalipata wala sijalitafuta. Kompyuta yako bado imelala, Mwalimu. Mimi nimeazima kioo na vibonye tu."

Ubavuni mwa mashine ilichomekwa flashi ya bluu. Ndani ya flashi hiyo, Baba, umo mfumo mzima wa kompyuta uitwao Linux. Mtu huichomeka, huwasha mashine, hubonyeza kibonye kimoja cha juu kabla mashine haijapata fahamu, na kuiamuru ianzie kwenye flashi badala ya diski yake. Imekwisha hiyo. Neno langu la herufi kumi na nne halikuulizwa hata kwa heshima. Ni sawa na kuweka mlinzi mlangoni na rungu lake, halafu mgeni akaja na nyumba mgongoni, akaitua uani, akaingia humo na kuinjika chungu.

2. Angeiba neno la siri ningemsamehe. Mwizi humtambua mwenye mali, ndiyo maana humnyemelea. Huyu hakuninyemelea. Alinipita, kama unavyopita kibao cha barabara ambayo hukusudii kwenda. Katika miaka yangu ishirini na mbili ya nidhamu nimekutana na wakaidi, waongo na watoro, na wote nimewaandikia adhabu. Mtu asiyevunja sheria wala kuitii sina fomu yake.

3. Ushahidi hakuna. Alipokwenda kazini nilifungua mashine na kuipekua kuanzia juu hadi chini. Kila nilipotazama, iliniapia kwamba haijawashwa na mtu tangu nilipoizima mwenyewe Jumamosi. Faili zangu zote zilikuwa mahali pake. Hata herufi moja haikusogezwa. Nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu: mke anayeingia mahali na kutoka bila kuacha alama, mume amkamate wapi?

4. Mashine yenyewe imenisaliti. Nikiiwasha mimi, naenda kuoga, navaa, nafunga viatu, narudi naikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Binti yako akiichomeka flashi, inaamka kabla sijamaliza kukohoa. Na yangu hunisemesha Kiingereza, tena kwa ukali, kama mkaguzi. Ya kwake humsemesha Kiswahili. Jirani yangu mpima ardhi alishuhudia yote mawili siku moja, akasema kwa sauti, "Kumbe mashine ni nzima! Basi mgonjwa ni nani?" Sijamtembelea tangu hapo.

5. Sikukaa kimya. Hatua nilizochukua ni za busara na naziorodhesha ili usije ukaambiwa vingine.

Kwanza, nilibeba kibodi kwenye mkoba wangu wa shule. Siku ya pili kukawa na kibodi nyingine mezani, mpya kuliko yangu. Imetoka kwa binti yako mdogo, shemeji yangu fundi wa kompyuta, ambaye nimegundua ndiye aliyeiandaa hiyo flashi. Samahani kwa kusema hivi, Baba, lakini umezaa mmoja wa kuchonga funguo na mwingine wa kuzitumia, na wote wawili umewalea kwa tabasamu hilohilo.

Pili, niliyeyusha mshumaa nikaziba kwa nta matundu mawili yanayopokea flashi. Kazi ilikuwa safi. Binti yako alirudi, akayatazama, akaizungusha mashine, akachomeka nyuma. Kuna tundu la tatu nyuma. Nimekaa na kompyuta hii miaka saba sikulijua. Matokeo yake ni kwamba yeye anaendelea na masomo, na kipanya changu, ambacho waya wake haufiki nyuma, hakina pa kuchomekwa. Barua hii naiandika kwa mkono kwa sababu hiyo, ingawa juu nimeacha ifikiriwe kwamba ni kwa ajili ya heshima.

Tatu, niliitisha kikao cha familia na kumweka shangazi yangu, anayeishi nasi, awe shahidi upande wangu. Nilizungumza dakika arobaini. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza binti yako, "Na hicho kidude chako, kinaweza kunionyesha dawa yangu ya presha inafanya nini mwilini?" Kikao kikaishia hapo. Wakakaa wawili mbele ya kioo, na mimi nikabaki na ajenda.

6. Flashi haikai nyumbani. Huitundika kwenye ufunguo wa kabati lake la kazini na kwenda nayo. Kwenye kituo cha afya anakofanya kazi kuna kompyuta ya maabara iliyofunikwa gazeti mwaka mzima kwa kuwa diski yake ilikufa, na kila aliyeulizwa alisema inasubiri idhini. Binti yako alipangusa vumbi, akachomeka, ikaamka. Kwanza aliomba ruhusa kwa daktari mkuu wa kituo. Kwangu hakuomba. Mchana anaandika humo majibu ya wagonjwa, ambao zamani waliambiwa warudi wiki ijayo. Wakati wa mapumziko anaendelea na somo lake kuanzia nukta aliyoachia nyumbani jana yake. Kwa hiyo kompyuta niliyoifunga kwa ajili ya utulivu wa ndoa imeota miguu na kwenda kazini. Nimeoa mtu mmoja, Baba, lakini siku hizi nahisi nimeoa kituo kizima.

7. Hili ndilo limenifikisha kwako. Wiki iliyopita matokeo ya mtihani wa kwanza yalitoka, na binti yako amekuwa wa pili kati ya watu mia moja na thelathini. Daktari mkuu alinikuta dirishani nikichukua dawa ya kikohozi. Akatoka nje kabisa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya foleni, akasema, "Mwalimu, waume wa namna yako ni wachache. Kumwachia mke nafasi ya kusoma si jambo dogo." Foleni ikapiga makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mungu akuzidishie."

Nilisema, "Asanteni."

Sasa niko katika hali ambayo sheria haikuitarajia. Nimesifiwa hadharani kwa kosa nililolipiga marufuku. Nikiendelea kukataza, mimi ni mnafiki. Nikiacha kukataza, mimi ni muongo. Nikinyamaza, wataniita mfano wa kuigwa, na tayari mkuu wa shule amenitaka nizungumze na wazazi kuhusu jambo hilo.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu ofisi yako ya ubaba ichukue moja kati ya hatua hizi:

(a) Umwamuru binti yako anikabidhi flashi, nami nitaitunza ndani ya droo yenye kufuli, pamoja na simu za wanafunzi.

(b) Ikishindikana, umchukue kwa muda ukamrekebishe, kisha umrudishe akiwa katika hali ile niliyompokea. Shangazi anasema hali aliyokuja nayo ndiyo hiihii, ila mimi sikusoma maelezo. Naomba maneno hayo yasizingatiwe.

(c) Hilo nalo likishindikana, utoe tamko kwa maandishi kwamba mkuu wa nyumba hii ni mimi. Nitalibandika juu ya kompyuta, mahali ambapo hata anayeanzia kwenye flashi atalazimika kuliona.

Nisalimie Mama Mkwe, mwambie ule mkeka tumeupata na shangazi ameuhodhi. Nisalimie shemeji fundi, kwa ubaridi unaofaa. Wasalimie wajomba wote, na yule aliyevunjika kidole, na wale waliopigana harusini, kama wameshapatana. Nami nabaki kuwa mkweo mtiifu, ninayekutakia goti jema.

Wako katika nidhamu,
Mkweo, Mwalimu

Nakala: Mama Mkwe, kwa taarifa tu, si kwa majadiliano.

Nyongeza baada ya kutia sahihi:

Baba, nilikuwa natafuta bahasha huku nimeiwasha kompyuta, ikakataa kufunguka. Niliandika neno la siri sawasawa, herufi zote kumi na nne, ikaleta kioo cha bluu chenye maneno ambayo hata mwalimu wa Kiingereza alishindwa kuyaeleza kwenye simu. Ndani mlikuwa na ratiba ya mitihani ya shule nzima, na kitu kingine ambacho hakuna aliyekijua. Nafasi ya kuwa mkuu wa shule nimeiomba mara tisa. Barua zote tisa zilikuwa humo, pamoja na majibu yake, na ya kumi ilitakiwa ifike Jumatatu.

Binti yako alirudi kutoka kazini, akanikuta nimekaa sakafuni. Hakucheka. Alivua viatu, akachomeka flashi, akaniambia diski ni nzima, kilichoharibika ni mfumo wake tu. Kisha akaifungua diski yangu kutokea kwenye flashi. Faili zote zilikuwa pale, wazi, kama vyombo kwenye kabati lisilo na mlango.

Nikamuuliza, "Kumbe siku zote ulikuwa unaweza kuviona vitu vyangu?"

Akasema, "Siku zote."

"Na neno langu la siri?"

"Halikuwahi kuzuia kitu upande huu."

"Miezi mitano yote, na hukutazama?"

Akasema, "Havikuwa vyangu, Mwalimu."

Baba, sijawahi kupewa adhabu kali kama hiyo, na mimi adhabu ndiyo fani yangu.

Alipokuwa anavihamisha ilibidi aulize zile barua tisa ni za nini, nikamwambia. Alizisoma zote palepale, polepole, kisha akaniuliza mbona sikumwambia hata moja. Nilianza kujibu kwa namba, nikaishia kwenye moja. Akasema zote zina kasoro ileile: aya nne za kwanza zinaeleza makosa ya watu wengine. Ya kumi tumeiandika pamoja kwenye flashi yake. Amefuta nyingi. Imebaki nusu ukurasa, na nilipoisoma kwa sauti shangazi alisema mwombaji kama huyo yeye angemkabidhi hata funguo za nyumba.

Kwa hiyo maombi (a) na (b) nimeyafuta. Barua naituma kama ilivyo kwa sababu wanafunzi wangu nawakataza kuchana kazi waliyokwisha kuisaini.

Nina ombi moja jipya. Tafadhali mwulize shemeji fundi kama anaweza kuniandalia flashi kama hiyo, yenye Kiswahili. Ila yangu iwe na nafasi kubwa mara mbili kuliko ya mke wangu, kwa sababu za kiutawala.