Abiria Kumi wa Yemeni

Yote haya yaliletwa na maandazi mawili. Nazari aliyanunua sokoni Mbinga, mwezi wa nne mwaka wa tisini na nne, na muuzaji akamfungia kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu. Nazari alikula, akapangusa mdomo, na kabla hajaitupa ile karatasi akaisoma, maana alifika kidato cha pili na hakupenda elimu hiyo ilale bure. Ukurasa ulikuwa unawashauri Wazungu wapange mapema safari ya mwanzo wa kiangazi chao, mwezi wa sita, kwenda nchi moja ya joto na milima. Pembeni kulikuwa na picha ya milima iliyokatwa ngazi kwa ngazi, jua kali, na mibuni mpaka kileleni. Nchi yenyewe ni Yemeni.

Nazari akaitazama ile picha, kisha akaitazama milima ya Wamatengo inayouzunguka mji, akaona biashara.

Tumjue kidogo bwana huyu. Alishawahi kuuza dawa ya kufukuza radi. Pale Kitai aliwahi kuwakatia watu tiketi za basi ambalo mpaka leo halijafika. Hakuwa mkatili, alikuwa hapendi kulima tu. Kitu pekee alichokuwa nacho cha halali ni Landrova ya kijani aliyorithi kwa mjomba wake. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake, ofisi yake na njia yake ya kukimbilia. Bila Landrova, Nazari angekuwa mwongo wa kawaida, wa kushikwa kabla ya jioni, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Na zama zenyewe zilimfaa. Kila kitu kilikuwa ruksa. Ilisemekana msimu ule wanunuzi binafsi wangekuja kununua kahawa kwa bei ambayo ushirika haukuwahi kuiota, na watu waliokuwa jana wanauza karanga leo walikuwa wakurugenzi. Ili uwe mkurugenzi ulihitaji muhuri. Nazari akachongesha mitatu, mmoja wa duara, mmoja wa mraba, na mmoja wenye tai, ambaye kwa bahati mbaya alitokea kufanana na bata.

Akapanda nao mpaka kwa Mzee Mansuetus Ndunguru, juu ya mji. Mzee huyu alikuwa mkubwa wa ukoo wake na alikuwa na kahawa nyingi kuliko jirani yeyote. Alikuwa na donda moja moyoni: shemeji yake aliwahi kupanda ndege, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa analitaja jambo hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Umetumwa na ushirika?"

"Ushirika gani tena, mzee wangu? Sasa ni soko huria. Mimi ni Mkurugenzi wa Safari za Wakulima Bora. Tunachagua wakulima wachache kwenda Yemeni, wakaone wenzao wanavyolima kahawa. Tunaondoka tarehe kumi mwezi wa sita. Ni nchi ya milima kama hii, ila ya joto."

Mansuetus akacheka kwa huruma. "Mlima ni baridi, kijana. Joto liko kule chini ziwani. Mungu alishagawa hivyo."

"Kule aligawa vingine." Nazari akamwonyesha picha. "Na mkulima bora harudi mikono mitupu. Cherehani, redio, vitenge, vyote bila ushuru. Nauli hatutaki pesa. Magunia mawili ya kahawa kwa kichwa, basi. Nauli ya ndege imo humo humo."

Neno ndege likamwingia mzee mpaka kwenye lile donda. "Nafasi ziko ngapi?"

"Tatu. Na tafadhali, mzee, iwe siri."

Hapo Nazari alionyesha kwamba hawajui Wamatengo. Jioni ile ukoo ulikaa kwenye sengu, wakala pamoja kama kawaida yao, na kwenye sengu hakuna siri, kuna ugali na habari. Mkurugenzi aliporudi kesho yake alikuta wanaume kumi wamekaa kwenye gogo kwa kufuata umri, kila mmoja ameshaamua ataleta cherehani ya aina gani. Nazari alijifanya kusikitika. Alikuna kichwa, akafunua daftari, akaguna, kisha akasema kwa heshima ya ukoo huu atazungumza na wakubwa wake. Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Magunia ishirini!

"Mwezi wa sita, umesema?" Aliyeuliza ni Walburga, mke wa Mansuetus, ambaye pale nyumbani wote walimwita Mama Lidia. Alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Wa sita, mama. Ndio mwanzo wa kiangazi cha huko."

"Hapa ndio mwanzo wa kuchuma kahawa. Ukituondolea wanaume kumi, nani atachuma?"

Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria, au labda wote walikuwa wamelifikiria na ndiyo maana walikuwa na hamu ya kusafiri.

"Wakala wetu wa safari utaziba nafasi zao," akasema Nazari. Aliye safarini kwa maneno hahesabu mzigo.

"Maana sisi tuna ngokela," Mama Lidia akaendelea, bila kuinua macho. "Tunachuma shamba hili wote, kesho shamba lile wote. Anayemtoa mtu kwenye kazi ya wenzake, yeye ndiye anaingia mahali pake. Hata padri anajua. Wewe uko tayari?"

"Mia kwa mia, mama."

"Basi tuandike."

Mama Lidia alikuwa amefundisha elimu ya watu wazima miaka saba, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama matuta. Aliandika kwamba wasafiri ni kumi na nchi ni Yemeni. Kwamba nauli ni magunia ishirini ya kahawa ya mashamba yao, na Mkurugenzi anayapokea wakishaondoka. Kwamba Mkurugenzi anashika nafasi za wasafiri kwenye ngokela mpaka watakaporudi kutoka Yemeni. Na kwamba mpaka siku hiyo ya kurudi, Landrova itabaki kwenye boma la ukoo ibebe kahawa.

Hapo kwenye Landrova, Nazari alisita. Lakini akajiuliza: nani atalishika gari wakati ufunguo uko mfukoni mwangu? Nikishawatelekeza wazee ziwani, nitarudi kupakia, na jioni niko Songea. Akagonga muhuri wa duara, akagonga wa mraba, na kwa furaha akamgonga na bata.

Tarehe kumi ikafika na baridi yake, ile ya kutoa moshi mdomoni. Wasafiri kumi wakaja wamevaa makabuti ya mitumba, skafu na kofia za sufu. Nazari aliwaeleza tena kwamba wanakwenda kwenye joto.

"Tumekusikia," akasema Mansuetus. "Lakini si umesema kuna milima?"

Wakashuka na makabuti yao mpaka Mbamba Bay. Kufika chini, jua likawapokea. Ziwa Nyasa limetulia, mchanga unachoma, na nyuma yao milima imesimama. Mansuetus akavua kofia, akavua skafu, akavua kabuti, akageuka kutazama huku na huku.

"Kumbe milima na joto vinaweza kukaa pamoja hata hapa," akasema. "Sasa huko mbali tunafuata nini?"

"Cherehani, mzee," akasema Nazari haraka. "Hapa hakuna cherehani. Meli ya kutuvusha mpaka kwenye ndege inakuja Alhamisi. Nyie pumzikeni, mimi nirudi kuchukua nauli."

Wakafikia kwa dada yake Mama Lidia, aliyeolewa pale pwani, na kabla Landrova haijapotea kwenye kona walikuwa wameshaandaliwa samaki mbasa wa kuchoma. Nazari alipanda milima akipiga mluzi. Saa tisa alasiri alikuwa ameshaingia kwenye boma.

"Wamefika salama, mama. Haya, magunia yako wapi?"

"Magunia haya hapa," akasema Mama Lidia, akamkabidhi magunia ishirini yaliyokunjwa vizuri, matupu.

"Na kahawa?"

Akamwonyesha kwa kidole. Kahawa ilikuwa upande wa pili wa bonde, mtini, nyingine nyekundu, nyingi bado kijani.

Tusimcheke sana. Alikuwa ameinywa kahawa, ameisifu, ameiuza kwa maneno, ila hata alipoambiwa mwezi huu ndio kwanza wa kuchuma, hakujiuliza magunia yatajaa lini. Alisimama pale na magunia yake mikononi, akili ikikimbia kutafuta uongo wa kufaa, akaukosa. Akasema basi anarudi mjini mara moja kuleta vibarua. Akageuka.

Landrova ilikuwa imekaa juu ya mawe manne. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshavingirisha magurudumu mpaka kwenye ghala, na wa mwisho alikuwa anafunga kufuli.

"Tumeyaweka ndani yasiibiwe," akasema Mama Lidia. "Siku hizi matapeli ni wengi. Utayapata siku ya kubeba kahawa, na Edina huyo wa kufuli ndiye ataendesha, alijifunza kwenye trekta la misheni. Sasa vua hayo mashati ya ukurugenzi, mwanangu, zamu ya leo ni shamba la bondeni. Nafasi za watu kumi ni nyingi, usichelewe."

Alifikiria polisi. Alifikiria jinsi atakavyoanza: afande, nimeibiwa gari na watu niliokuwa nawapeleka Yemeni. Akaacha.

Basi Mkurugenzi akachuma. Asubuhi umande ulimlowesha mpaka kiunoni na vidole vikafa ganzi. Akichuma ya kijani, wanawake wanaimwaga mbele yake na kumwonyesha tena, kwa upole wa kuumiza. Jioni anazungusha mashine ya kumenyea mpaka bega linalia. Kila wiki salamu zilikuja kutoka ziwani: wasafiri hawajambo, wamenenepa, meli bado, na wala Mkurugenzi asijisumbue kuharakisha. Mansuetus alikuwa amejifunza kuogelea.

Wiki ya tatu Nazari alimfuata Mama Lidia kwenye kichanja cha kuanikia.

"Mama, niambie ukweli. Gari langu nitalipata lini?"

"Si umeandika mwenyewe? Wakirudi kutoka Yemeni."

"Na wasipokwenda?"

"Hawatarudi," akasema Mama Lidia, akaendelea kugeuza buni.

Machozi yalimlenga Nazari, ya kweli kabisa. Aliiwaza Landrova yake juu ya mawe, kuku wakitaga kwenye kiti cha mbele. Akaona njia imebaki moja, na ni njia ambayo hakuwahi kuipita tangu azaliwe: kuifanya kazi kama alivyoisema. Akaomba ruhusa ya siku moja, akapewa. Akadandia lori mpaka Songea, akapanga foleni ofisi ya uhamiaji tangu asubuhi, akalipia fomu kumi za pasipoti kwa pesa ya saa yake ya mkononi, akazijaza zote bila kudanganya hata umri.

Karani, Bi Kauthar, alizipitia moja moja.

"Wakulima kumi. Sababu ya safari?"

"Kutazama kilimo cha kahawa, dada."

"Hongera, jambo zuri. Wanaelekea nchi gani?"

"Yemeni."

Kauthar akaweka kalamu chini. "Yemeni? Wewe wakala gani usiyesikiliza redio? Kule wanapigana vita tangu mwezi wa tano. Mizinga, ndege, miji inachomwa. Nani atakuruhusu upeleke wazee wa watu huko?"

Nazari akashika ukingo wa meza. "Vita vya kweli?"

"Kuna vya uongo?"

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu vile, sikujua."

Na ndivyo ilivyokuwa, ila sauti yake haikuwa imezoea kusema kweli, na karani alimtazama kama anavyotazamwa mwongo. Akazipanga zile fomu kumi, akamrudishia.

"Vitaisha lini?" akauliza Nazari.

"Nitajuaje mimi? Anayefuata."

Akatoka nje. Lori la kurudi Mbinga lilikuwa linapakia chumvi, na dereva alikuwa anaita abiria wa mwisho. Nazari akalikimbilia, kwa sababu kesho ilikuwa zamu ya shamba la Mansuetus mwenyewe, na Mama Lidia hapendi watu wanaochelewa.