Silvère Ameleta Mahari

Jumapili, 1 Septemba 1991. Kanombe, Kigali.

Padri amehubiri juu ya kukata shauri. Ati kabla ya kuamua mtu ajiulize: ninaamini nini, na nataka kufika wapi? Twagirayezu, jirani yangu, akageuka kanisani akanitazama. Kwa nini mimi? Yeye tangu vyama vingi vya siasa viruhusiwe ameshabadili kofia mara mbili! Mimi nimeendesha lori mpaka Mombasa, na kwenye njia panda sikuuliza mtu. Safari moja nilijikuta Soroti, ndani kabisa Uganda. Lakini nilifika!

Ninachoamini: neno langu mimi Munyakazi likitoka halirudi. Ninapotaka kufika: kitini kwangu, uani, binti yangu Illuminée karibu, maharage motoni. Nimeshafika. Mbona basi silali?

Najua mbona. Illuminée ameitwa kusomea ukunga Kabgayi, kule Gitarama. Masera Winifred, mtawa anayeandikisha wasichana, anataka jibu Ijumaa. Illuminée ameniambia, Papa, sema ndiyo tu. Nimemwambia nafikiri.

Sifikiri. Naogopa.

Jumatatu, 2 Septemba.

Mungu mkubwa! Silvère, yule mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, aliyekulia Burundi, amekuja na kofia mkononi. Kasema amekuja kwa ajili ya mahari. Hivyohivyo! Nikamkalisha. Hapo ndipo akaanza kuzunguka, kama anavyotakiwa mposaji mwenye adabu. Kasema ana kuku. Kasema wanalala mapema, hawana kelele ila alfajiri, na wakitunzwa mwaka haupiti wataongezeka. Kuku! Nikaelewa mara moja: watoto. Lugha ya wazee kabisa. Akauliza kama mvua haiingii. Nikamjibu kwa fumbo vilevile: kwangu haiingii mvua wala mwizi.

Akauliza nataka nini. Nikasema ng'ombe. Akaruka! Muzee, ng'ombe mzima kwa ua? Nikamwambia ua ninalo moja tu, sina jingine. Kijana anajua kushusha bei, huyu. Tukaagana aje Jumamosi.

Mkwe wa hapahapa Kanombe! Illuminée hatakwenda mbali. Heshima imepatikana na maharage yamebaki motoni. Padri angenipigia makofi.

Jumatano, 4 Septemba.

Nimetangaza kilabuni. Twagirayezu akauliza kama Illuminée mwenyewe anajua. Nikasema baba akijua inatosha. Akasema, Mzee Munyakazi, hata lori lako ulikuwa unalipima mafuta kwanza! Watu wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Wivu.

Nimemwambia Illuminée. Akauliza, Silvère gani? Yule anayekusalimia, nikasema. Akasema yule anasalimia hata nguzo za umeme. Kisha akachukua ungo. Hakulia, hakugomba. Amechambua mchele tu. Kelele yake ningeiweza.

Ijumaa, 6 Septemba.

Nimekwenda kwa Masera. Nikasema nafasi apewe mwingine, binti anaolewa. Masera akauliza kama ndivyo Illuminée anavyotaka. Nikasema ndivyo ilivyoamuliwa. Akauliza nani kaamua. Nikaaga.

Njiani nikasimama karibu na kambi ya jeshi, nikataka kurudi kwa Masera. Askari akauliza, wewe mzee, umepotea? Mimi! Nipotee wapi? Nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 7 Septemba.

Siku ya aibu.

Wageni walijaa. Urwagwa, pombe yetu ya ndizi, nilitengeneza mtungi mzima, ndizi zangu mwenyewe. Twagirayezu kakaa mbele, kofia ya tatu. Akaja Silvère anasukuma toroli: tenga la kuku, miti, misumari na trei ya mayai. Nikanguruma: ng'ombe yuko wapi? Akasema, Muzee, ng'ombe sina, mayai nitaleta kila wiki, nioneshe nijenge wapi. Nikauliza, na mahari? Akasema, ndiyo, mahari! Akanyoosha kidole kwenye pembe ya ua, nyuma ya choo. Mahari pare, pananifaa.

Pale! Alitaka mahali! Mahali pa kuku!

Twagirayezu akaanguka na benchi lake. Silvère masikini akauliza harusi ni ya nani, akampa bibi harusi hongera, akasema mke wake mwenyewe yuko Ngozi, Burundi, atakuja Noeli.

Nikageuka. Illuminée hakucheka. Aliuliza polepole mbele ya watu wote: Papa, na nafasi yangu iko wapi?

Nikasema wageni wanywe.

Jumapili, 8 Septemba.

Kanisani sikwenda. Nilivaa viatu niende kwa Masera kumwomba nafasi irudi. Neno langu halirudi: nikavua. Nikamwona Illuminée dirishani: nikavaa. Nikavua. Nikavaa.

Akatoka na sanduku. Kumbe Masera nafasi hakuigawa. Ijumaa ileile alimwita, akamuuliza yeye, na yeye akajibu. Mtoto wangu kajijibia mwenyewe! Kasema alikuwa anangoja tu kuona kama baba atakwenda kurudisha alichoharibu. Nikamwambia si unaona nimevaa viatu? Akaviangalia. Kamba zilikuwa wazi. Akainama akazifunga, zote mbili, taratibu, kama mimi ndiye ninayesafiri. Kisha akaenda kupanda basi la Gitarama.

Sikumwambia safari njema.

Jumanne, 10 Septemba.

Maharage yameungua. Nimekula yai.

Twagirayezu kapita kunichungulia. Nikamwambia Kabgayi ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Akasema hakika, mzee, hakika.

Nimejiuliza yale maswali ya padri, safari hii kwa makini. Usingizi umenipita, lakini jibu limekuja. Illuminée akimaliza masomo atarudi kuzalisha wanawake hapahapa, uani kwangu. Nyumba ya vyumba viwili, bati jipya. Fundi kutoka Kinyinya amekuja leo, ameshachimba msingi. Kilabuni nimeshatangaza, na mke wa Twagirayezu nimemwahidi kitanda cha kwanza. Ana miaka sitini, lakini ahadi ni ahadi.

Illuminée hajaambiwa. Ana masomo mengi, kwa nini nimsumbue?