Pirimidini Zisizo na Kibali

"Kuanzia leo saa sita mchana, pirimidini zote zilizomo nchini ziko chini ya ulinzi."

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Vitu Visivyoonekana alitamka hayo mbele ya waandishi, kisha akanyamaza kidogo ili taifa lipate nafasi ya kushtuka. Taifa halikushtuka, maana halikujua pirimidini ni mnyama gani. Mkurugenzi naye hakujua, lakini kutokujua kitu hakujawahi kumzuia mtu kukidhibiti.

Neno lenyewe alilisikia kwenye semina elekezi, akiwa katikati ya usingizi na chai ya saa nne. Mtafiti mmoja wa kemia, mama mwembamba mwenye koti jeupe, alikuwa akieleza jinsi maabara yake inavyounda pirimidini mpya za kutibu uvimbe. Mkurugenzi akasikia "piramidi". Piramidi alizifahamu: ile michezo ya upatu iliyowaliza majirani zake. Alipokuja kusahihishwa, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hotuba ilikuwa tayari. Kiongozi akirudi nyuma, alisema, atawakanyaga wanaomfuata.

Kikosi kazi kilivamia maabara na kuzoa chupa, mirija na jokofu zima. Mtafiti akaja mbio ofisini kwa Mkurugenzi, koti halijavuliwa.

"Shikamoo mzee. Sampuli zangu zimeachwa kwenye korido yenu, na jokofu halijachomekwa umeme. Zitaharibika."

"Marahaba. Haziwezi kuharibika, ziko chini ya ulinzi."

"Mzee, pirimidini si magendo. Ni vijipete vya kaboni na nitrojeni, na vimo katika kila chenye uhai. Maharage yanavyo, mbu anavyo, hata hilo ua lako la dirishani."

Mkurugenzi aligeuka akalitazama ua alilolimwagilia kwa mkono wake mwenyewe tangu ateuliwe. Roho ilimuuma. "Litolewe," akamwambia naibu wake.

"Hata wewe unavyo," mtafiti akaendelea. "Vinasaba vyako vimeandikwa kwa herufi nne. Mbili kati ya hizo ni pirimidini. Ni nusu ya maandishi yote."

"Nusu?"

"Nusu, mzee."

"Basi nusu iliyobaki ndiyo yenye uzalendo," akasema Mkurugenzi, na kumwonyesha mlango.

Naibu alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye alikuwa amekaa unaibu hadi umemchosha. Ndiye aliyeandaa kanuni: chombo chochote kitakachopimwa na kukutwa na pirimidini kifungwe utepe, kihifadhiwe mahali pa baridi, kisitoke ila kwa saini ya Mkurugenzi.

"Tutaje ni vyombo gani, mzee?"

"Tusijifunge. Weka 'chochote'." Akasaini, na mkia wa saini ukavuka ukurasa.

Hata wino haujakauka, simu ikaita. Ilikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, mtu pekee ambaye Mkurugenzi alikuwa bado akisimama anapoongea naye kwenye simu. Akasimama.

"Mdogo wangu, wameniondolea dripu."

"Nani kakuondolea?"

"Vijana wako. Wameingia wodini, wamesema dawa yangu ni ya ukoo wa hiyo pirimidini yako. Wameichomoa nikiwa naiangalia."

Dada alikuwa na saratani ya utumbo. Mkurugenzi alilegeza tai. Alitafuta neno la kibinadamu, akapekua huku na huku kichwani, akaambulia la kiofisi.

"Dada, vuta subira. Suala lako liko kwenye mchakato."

"Na saratani nayo iko kwenye mchakato. Tena yenyewe haisubiri vikao."

Dada akakata simu. Mkurugenzi akamwita naibu. "Andika msamaha. Mgonjwa mmoja tu."

"Mzee, sheria ni msumeno. Ukimsamehe dada yako, waandishi watatumaliza. Labda ujisafishe wewe kwanza. Upimwe hadharani, uonekane huna hata chembe. Hapo utakuwa na nguvu ya kimaadili ya kumsamehe unayemtaka."

Maneno "nguvu ya kimaadili" yalimwingia vizuri. Isitoshe, alijiamini: tangu mtafiti aondoke hakuwa amegusa maharage.

Ukumbi ulijaa. Mtafiti aliagizwa kupima. Akampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu, huku akimnong'oneza, "Mzee, nakuomba tuache. Majibu nayajua."

"Mama, fanya kazi yako."

Mashine ikanguruma, ikatulia. Mtafiti akashusha pumzi. "Zimo. Kama zilivyomo kwa kila mtu."

Sentensi ya pili haikusikika, kwa sababu naibu alikuwa amekwisha simama na kanuni mkononi. Aliisoma polepole, kwa masikitiko makubwa.

"Mimi si chombo!" Mkurugenzi akapiga kelele.

"Chochote, mzee. Ni neno lako."

Askari walimfunga utepe kwa heshima zote, wakahakikisha suti haikunjamani, wakampeleka kwenye chumba cha baridi cha Mamlaka. Huko alikuta ua lake limesinyaa. Alikaa kando yake, meno yakigongana, akamfikiria dada yake.

"Nipeni kalamu!" akaita. "Nisaini nitoke, nimtoe na dada!"

"Kidhibiti hakisaini, mzee," askari akamjibu kwa huruma.

Ukumbini, naibu, sasa Kaimu Mkurugenzi, alikuwa akiwashukuru waandishi. Mlango ukafunguliwa. Dada aliingia na nguo za wodini, shali begani, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mtafiti alikwenda kumshika mkono, wakapanda jukwaani pamoja.

"Mwanangu," dada akamwambia Kaimu, "na wewe umepimwa?"

"Mama, kisheria asiyepimwa hana."

"Vizuri. Basi fungua mdomo."

Mtafiti akainua kijiti kipya. Kamera zote zikageuka. Kaimu alikitazama kijiti kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kiatu chake. Akabana midomo, na kwa upenyo mdogo uliobaki akalitangazia taifa:

"Tamko linafutwa. Kuanzia jana."

Mkurugenzi akafunguliwa, ila kiti hakukirudia. Kaimu alieleza kuwa kitu kilichowahi kushikiliwa kama kidhibiti hakiwezi kuongoza Mamlaka iliyokishikilia. Mtafiti alirudishiwa jokofu lake. Nusu ya sampuli zilikuwa zimekufa. Mkurugenzi alimtazama akizipanga zilizopona, akataka kusema jambo kuhusu taratibu, akasema, "Pole, mama. Nimekuharibia."

"Nitaanza upya," mtafiti akajibu, bila kumtazama.

Wodini, nesi aliirudisha sindano mkononi mwa dada, akabaki ameshika mfuko wa dawa, akitafuta pa kuutundika.

"Stendi za dripu ziko wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Zilichukuliwa na kikosi kazi. Hazitoki bila saini."

"Saini ya nani?"

"Ya Mkurugenzi. Na huyo mpya hapokei simu."

Nesi alikuwa na wagonjwa wengine. Akampa Mkurugenzi mfuko, akaondoka.

"Dada," Mkurugenzi akaanza, "nia yangu ilikuwa njema—"

"Nyanyua mkono, dawa haishuki."

Akanyanyua.

"Juu zaidi. Na usiongee, unatikisika."

Akafumba mdomo, akasimama wima kando ya kitanda, na tone la kwanza likashuka.